Vipande vya Jasi kwenye Ukuta wa Bweni

Ukimkuta Kaka Sabyrkul anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, usimsemeshe. Hata siku ya harusi ya binti yake, nyumbani kwa wakwe, aligonga ukuta wa sebule kabla hajakaa, mpaka mkewe akamvuta mkono.

"Umekuja kula au umekuja kukagua?"

"Nikishajua hautaniangukia, nitakula."

Ndiye msimamizi wa majengo ya chuo chetu cha ualimu, mwaka wa ishirini na saba huu. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, kwa hiyo namjua. Ujanani, akiwa jeshini, alipelekwa kufukua watu baada ya tetemeko. Habari hiyo haisimulii. Burulkan, mkewe, ndiye aliyeniambia kwamba hadi leo halali chumba chenye kabati refu.

Mwaka huu ofisi ya elimu ya mkoa ilisema itatengeneza jengo moja tu kiangazi hiki, na tume ingekuja Jumatano kuchagua lipi. Mkuu wa chuo, Zamirbek, alitaka paa la ukumbi, kwa sababu chuo kinatimiza miaka sitini mwezi wa kumi na mvua ikinyesha wageni wataloa. Kaka Sabyrkul aliandika bweni langu juu kabisa ya orodha. Ukuta wa mashariki ulikuwa na ufa kuanzia dirisha la ghorofani hadi karibu na ardhi, na wasichana arubaini na wanne wanalala upande huo.

Juu ya ufa ule alibandika vipande vitatu vya jasi, kila kimoja kama kiganja, akaandika tarehe kwa penseli.

"Jasi haivutiki, Dada Anarkul," aliniambia. "Ukuta ukisogea kidogo tu, inakatika. Tume wakiiona imekatika, nani atabisha?"

Baada ya wiki tano viwili vilikuwa vimekatika katikati.

Sasa sisi, mgeni akisikika anakuja, tunapaka chokaa. Jumamosi ikaitishwa ashar, kazi ya pamoja ya kujitolea, chuo kizima tukatoka na ndoo na brashi. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga borsok, maandazi madogo, za kuwalisha wapakaji. Niliwaambia wasichana wapake bweni lote na lisibaki hata doa. Vile vipande vya jasi sikuvitaja. Naapa sikuvikumbuka.

Alasiri Kaka Sabyrkul alishuka kutoka juu ya paa la ukumbi, akaja, akasimama mbele ya ukuta mweupe pee.

"Vipande viko wapi?"

"Yale madonge, baba?" akajibu Nurzada, mmoja wa wasichana wangu, mikono imejaa chokaa. "Tumeyakwangua. Yalikuwa yanatutia aibu."

Alikaa juu ya ndoo. Nilingoja anigombeze, hakunigombeza. Alisema tu, "Mmepaka vizuri." Nilitamani ardhi inifunike. Nikakimbilia jalalani, nikakuta gari la taka limeshaondoka.

"Bandika vingine, kaka."

"Vya kwanza vilichukua wiki tano. Tuna siku nne."

Tangu hapo sikupata utulivu. Kila nikimaliza sala ya alfajiri nilitoka kuutazama ukuta. Jumatatu nilijikuta nimeinua mikono namwomba Mungu ukuta usogee, usogee kidogo, uonekane. Halafu nikasikia wasichana wakikohoa ndani, upande uleule, nikaishusha mikono. Naomba nini mimi? Nikaanza tena, nikaomba usisogee. Sikujua niache lipi. Siku hiyo niliwaamuru wasichana wavute vitanda mpaka kwenye ujia. Wakanung'unika.

"Mama, tumekosa nini tukalale mlangoni kama viatu?"

"Vuta kitanda, mwanangu. Maneno baadaye."

Jumatano alfajiri niliona mstari kwenye chokaa. Mwembamba kama unywele, ulishuka kutoka dirishani hadi usawa wa goti langu. Nilishukuru, na papo hapo nikaogopa vile nilivyoshukuru.

Tume walikuwa watatu, mkubwa wao mhandisi mwanamke wa makamo, Shaarkan. Mkuu wa chuo aliwaanzisha ukumbini na kuwanywesha chai ndefu. Walipofika kwetu jua lilikuwa kali. Kaka Sabyrkul alitoa daftari lake la tarehe.

"Huu ni mwandiko wako mwenyewe, mzee," akasema mmoja wao. "Ukuta uko safi."

"Kimstari hicho ni cha chokaa kukauka," akasema Mkuu. "Kila nyumba inacho."

Kaka Sabyrkul alifunga daftari. Mtu aliyezoea kusikiliza kuta hajui kushindana na watu. Nikajikuta nimesogea mbele, aproni bado kiunoni.

"Samahani, mama mhandisi. Jasi zilikuwepo, tatu, mbili zimekatika. Zimekwanguliwa kwa kosa langu. Jumamosi tulipaka ukuta huu, ukawa mweupe wote. Mstari huu haukuwepo hata jana."

Mkuu alinitazama, mimi nikaendelea kumtazama mhandisi. Shaarkan alikwangua chokaa kwa ufunguo, akaingiza ncha yake kwenye ufa. Ikazama.

"Nani analala humu?"

"Wasichana arubaini na wanne."

"Leo wasilale. Bweni ndilo litakalotengenezwa."

Mkuu alinipa ufunguo wa ukumbi, kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kuwaweka. Mpaka jioni tulikuwa tumehamisha vitanda vyote. Kaka Sabyrkul alipanga ndoo chini ya kila tundu la paa, kisha akaenda kwenye ukuta wa ukumbi, akagonga, akasikiliza. Nilimsubiri amalize.

"Hili vipi?"

"Linavuja tu," akasema. "Walale."

Juu ya milima mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nilienda kutafuta ndoo nyingine.