Ruta ya Gaurav Ndani ya Kabati la Wavu

Mama Vumilia, jina lake la ubatizo Scolastika, alikuwa karani katika duka la pampu la Mzee Kanji, Shinyanga mjini, na hakuna kiumbe ambaye yeye alimdharau kama mtu asiyejua kutuliza mikono. Kwa hiyo mwaka 1998, Gaurav, kitinda mimba wa Kanji, alipotoka masomoni Nairobi na kuingia ofisini na kompyuta kuukuu isiyo na kifuniko, mama huyo alimtazama kama kuku aliyeingia jikoni.

"Shikamoo, Mama Vumilia. Hii ni ruta."

"Marahaba. Mbona umeivua nguo?"

Gaurav alieleza kwa furaha. Laini ya simu ilikuwa moja na kompyuta tatu. Aliyetaka barua pepe alipanga foleni kwenye meza ya Mzee. Mashine hii ingewagawia wote. Ilikuwa ya vipande: unachotaka unachomeka, usichotaka unachomoa. Programu yake iliandikwa na watu wa dunia nzima, wakaiacha wazi, yeyote aisome na kuibadilisha.

"Yeyote?" alisema Mama Vumilia. "Basi tumekwisha."

Lakini ilifanya kazi. Hata yeye alisoma barua za Dar bila kunyanyuka kitini, ingawa hakumpa kijana raha ya kulisikia hilo. Kisha Gaurav akaanza kuiboresha. Leo anaongeza kipande cha kuchuja, kesho anakitoa. Asubuhi anatangaza kwamba sasa itakimbia. Mchana ofisi nzima imekatika, naye yuko chini ya meza, makalio juu, anapiga mluzi.

Mvua za Machi zikaja na Maduhu, mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, miguu imejaa tope.

"Mayu," alimwita Mama Vumilia kwa Kisukuma, kama mama yake, "shimo linajaa maji. Pampu imepatikana?"

Ilikuwepo moja, Dar. Simu ya muuzaji ilikuwa mbovu. Huyo alisubiri jibu kwa barua pepe jioni hiyo, la sivyo angempa pampu mteja mwingine. Na siku hiyo Gaurav alikuwa ameifumua ruta. Kompyuta ya Mzee nayo haikuweza tena kupiga simu ya mtandao yenyewe, kwa sababu kijana alishaifuta programu ya zamani, eti haina kazi.

"Dakika tano tu," alisema Gaurav.

Duka lilifungwa Maduhu akiwa bado amesimama kwenye kaunta. Pampu ikaenda kwa mwingine. Wiki iliyofuata kuta za shimo ziliporomoka. Bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani. Maduhu alikuja kuaga, anarudi kuchunga ng'ombe wa shemeji yake. Hakulaumu mtu. Mama Vumilia angependa alaumu.

Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kanji. "Mzee, mashine haina ubaya. Mbaya ni mwanao. Nipe kabati la wavu, na ufunguo nikae nao mimi."

Mzee alimtazama mwanawe, akatoa ufunguo.

Gaurav alilalamika kwamba ruta ya wazi haifungiwi. "Wazi ni programu," Mama Vumilia alimjibu. "Kabati ni langu."

Kiangazi chote ruta haikukatika hata mara moja. Desemba, Gaurav akiwa Mwanza kwenye harusi ya dada yake Jinal, radi ilipita kwenye waya wa simu. Mama Vumilia alifungua kabati akitegemea majivu. Kumbe iliyoungua ni modemu, kile kipande cha kupiga simu, peke yake. Akachomoa, akachomeka ya akiba kama alivyoona ikifanywa mara mia bila sababu, na barua zikaingia.

Gaurav aliporudi alitabasamu hadi masikioni. "Umeona faida ya vipande?"

"Nimeona faida ya harusi."

Lakini wiki ile bila Gaurav ilikuwa imemchosha Mama Vumilia kuliko alivyotarajia. Hapakuwa na mtu wa kumsema. Jumamosi, duka lilipofungwa, alivuta kiti mbele ya kabati, akafungua kufuli.

"Kipande kimoja," alimwambia Gaurav. "Na mluzi sitaki."