Kwetu ni Naguru

Juzi darasani, tukijadili fasihi ya watu waliong'olewa makwao, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?" Swali jepesi, lakini nikageuza mazungumzo. Ngoja nikueleze sababu, rafiki yangu.

Nilikulia Naguru, kota za polisi za mji mkuu, ndani ya yunipoti, zile nyumba za bati za duara. Mvua ikinyesha hamsikiani. Jua likiwaka mnaiva pamoja na maharage. Nilipapenda hivyo hivyo. Asubuhi tulipanga foleni ya madebe bombani, jioni mama akatwanga karanga, na majirani walikuja na sahani zao bila kualikwa.

Jeshi liliposhika nchi, watu wa kabila letu wakaanza kuchukuliwa na wanajeshi na kutoweka. Baba, aliyekuwa polisi, alikuwa na bahati: kambini aliitwa kwa jina la ubatizo tu, na wengi walidhani ni mtu wa Masindi, kwa kabila jingine. Akawaacha wadhani. Mama, ambaye hakuwahi kunifundisha lugha yao, akaacha hata kuiimba jikoni. Akanikanya, "Mtu akiuliza kwenu wapi, wewe sema Naguru tu." Sababu hakunipa.

Kisha mwalimu akatupa insha, "Nyumbani Kwetu". Nikaandika kwamba kwetu ni Naguru, yunipoti ya tatu kutoka bombani. Mwalimu, Mganda mpole aliyechanganya l na r, akaikata yote kwa wino mwekundu.

"Hapa mnakaa tu," akasema. "Kwenu ni pale baba arizaliwa. Andika tena."

Hakuwa na ubaya. Ndivyo sote tulivyolelewa, kwamba mjini mtu hana kwao. Nikaandika Kitgum, huko kwa kabila letu, jina nililomsikia mama akilitaja kwa kunong'ona, wala sikuwa nimepaona hata siku moja. Nikapapamba kwa ng'ombe na mizinga ya nyuki. Nikapata kumi juu ya kumi, insha ikabandikwa ukutani, nami nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata mkubwa mmoja wa jeshi alikuja kukagua shule. Akasoma ukuta taratibu.

"Nani naandika hii?"

Nikanyoosha mkono kabla mwalimu hajafungua kinywa.

"Baba yako naitwa nani? Iko kazi wapi?"

Nikamjibu yote, tena kwa sauti ya kughani shairi. Akanipapasa kichwa.

Kesho yake baba alichukuliwa akiwa kazini. Hakurudi. Mpaka leo nashindwa kuamini kwamba niliyasema yale mimi, kwa kinywa hiki hiki.

Tukafukuzwa kota, tukapanda lori hadi Kitgum. Bibi, mama yake baba, alitoka kutupokea. Akachungulia ndani ya lori, akauliza kitu nisichokielewa. Nikamwomba mama anifasirie.

"Anauliza mwanawe tumemwacha wapi."

Yunipoti zile zimeondolewa, majirani wametawanyika nisijue hata wa kumuuliza habari zao. Mama naye amefariki, bila kunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.