Ruhusa ya Kumwambia Delmar

Duka la dawa la Ardis Tollefson ndilo pekee katika mji wa Hegna, Dakota Kaskazini, na mkataba wake ulikuwa na kifungu kimoja cha kishenzi. Madalali, yaani zile kampuni zinazojikalisha kati ya bima na duka la dawa, walimkataza kumwambia mteja kwamba dawa fulani ni rahisi ukilipa taslimu kuliko ukitoa kadi ya bima. Akisema tu, wanamfutia mkataba, mji mzima unakosa dawa. Basi akanyamaza. Mdomo huponza kichwa.

Aliyemnyamazia zaidi ni Mzee Delmar Huether, mkulima. Kila mwezi alikuja kuchukua dawa ya presha ya mkewe, Verna. Anatoa kadi, analipa, anaacha kwenye kaunta mtungi mdogo wa kioo wenye bitiruti alizozitia siki mwenyewe. Kule watu hawaambiani kwamba wanapendana, wanaleteana chakula. Mwanzoni Ardis alipokea ile mitungi kwa aibu. Baadaye hata aibu ikafa ganzi, akawa anapokea tu.

Verna alipigwa na kiharusi, wakamzika. Ardis alipeleka msibani sinia la viazi vya jibini kama wenzake.

Theluji ilipoyeyuka, bunge la jimbo likapitisha sheria: dalali asimfunge mfamasia mdomo. Wiki ileile Delmar akaja, safari hii kwa presha yake mwenyewe, dawa ni ileile. Mtungi akautua.

"Mzee, rudisha kadi mfukoni. Taslimu ni nusu ya bei."

"We! Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu jana. Nani angejua?

"Tangu zamani, mzee. Nilikatazwa kusema."

Delmar akairudisha kadi mfukoni. "Verna alikuwa anavikata vidonge nusunusu, vifike mwisho wa mwezi. Kwa kisu cha siagi. Nami namtania, eti anawapimia panya dozi."

"Nisamehe, Mzee Delmar."

"Haya, mwanangu. Sheria ni sheria."

Akalipa, akaaga vizuri. Ardis alingoja machozi yamtoke, wapi! Akamwita mteja aliyefuata.

Mwezi uliofuata Delmar alikuja na noti zake mkononi. Akasema mvua imechelewa, Ardis akakubali kwamba imechelewa. Akachukua dawa, akashukuru, akaondoka. Mtungi hakuleta.