Vikombe Vilivyopakwa Rangi

Vikombe vitatu vya kupimia upepo nilivikata mwenyewe kwa karatasi ya manila, juu ya meza ya jikoni, Buruburu. Nilivipaka gundi kidogo tu, vikakauka vikawa vyepesi kama ganda la yai. Nilipokuwa nikivijaribu juu ya paa, mama wa nyumba ya pili alipaza sauti: "Jirani, hiyo eriali inashika hadi Kampala?"

"Inashika upepo, mama."

"Basi ishike na shuka zangu, zinaruka!"

Wepesi ndio uliokuwa siri yote. Upepo hauendi kama maji ya bomba. Husukuma, hulegea, hujipinda, yote kwa kufumba na kufumbua. Kikombe kizito huchelewa kuanza na huchelewa kusimama, kwa hiyo misukosuko hiyo hukipita bila kuhesabiwa. Chombo changu kilikusudiwa viwanja vidogo vya ndege, ambako msukosuko mmoja unaweza kuibwaga ndege inapotua. Jumatatu kamati ya ofisi yetu ya hali ya hewa ingeamua kukipitisha au kukitupa.

Asubuhi hiyo nilikikuta stoo kimepakwa rangi nzito ya mafuta, ya kijivu, mara mbili, na nambari nyeupe ubavuni mwa kila kikombe.

"Mzee, nani alikwambia upake?" nilimuuliza mtunza stoo.

"Mali ya serikali haitoki hapa bila rangi na nambari, kijana wangu. Hata ufagio."

Kweli, hata ufagio ulikuwa na nambari. Muda wa kutengeneza vingine haukuwepo. Tukakisimamisha uani mbele ya kamati, miti ikiyumba huku na huku, na kalamu ya chombo, inayochora mwendo wa upepo kwenye karatasi, ikachora mstari laini kabisa.

Mwenyekiti akashangilia. "Umenyooka kama rula! Tunakipitisha."

Damu ikanichemka. Rubani angeambiwa hewa imetulia! Nikaeleza. Nikaeleza tena, polepole.

"Bwana, tunakupa pasi nawe unaikataa?" Akacheka, na wenzake wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

Niliving'oa vikombe vyote vitatu mbele yao, nikavikanyaga.

Nikaandikiwa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya serikali. Niliijibu kwa kurasa tisa, na michoro, hatua kwa hatua, kama ninavyomfundisha binti yangu hesabu. Ila kila nilipotia nukta, kalamu ilitoboa karatasi.