Ndoo Niliyoifunika Siku ya Posa ya Atupele

Jamani, nyie chekeni tu, lakini mimi mpaka leo nikikutana na mtu wa Igogwe naangalia chini, maana aibu niliyoipata sebuleni kwetu Isongole haijanitoka.

Nilikuwa likizo kutoka chuoni, nimejaza ndoo zangu matope na kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu matopeni kuna vijidudu vinavyokula uozo na kuachia umeme kidogo, unafukia kipande cha mkaa chenye waya kule chini, kingine unakiacha juu kipate hewa, ukiunga waya zake kwenye taa ndogo inawaka (kidogo kweli, mama alisema kimulimuli kina nguvu zaidi). Nikataka mwanga uongezeke. Nikavilisha vijidudu ndizi mbivu za kuponda na sukari, na kwa vile baridi ya kwetu inavilegeza, ndoo nikazipanga sebuleni karibu na jiko la mkaa.

Sasa siku hiyo ndiyo walikuja wakwe wa dada yangu Atupele kutoka Igogwe kupatana ng'ombe wa mahari. Baba mkwe mtarajiwa ni mzee wa mila zetu za Kinyakyusa, zile za mkwe na mkamwana kutoonana uso kwa uso (wengi wameziacha, yeye hajaziacha), kwa hiyo Atupele alijificha jiko la nje tangu asubuhi. Mama akaniomba nitoe ndoo, zinanuka. Mimi nikaona nikizipeleka nje kwenye baridi ya ukungu kazi yangu yote itakufa, halafu, nisiwafiche, nilitaka wageni waione ile taa. Nikazifunika, nikakandamiza mifuniko kwa nguvu, harufu ikaisha, nikajiona mjanja.

Kumbe ndizi na sukari zinachacha humo ndani na gesi haina pa kutokea. Taa ikaanza kuzimika, maana mkaa wa juu nimeunyima hewa, na mimi nikawa nahangaika na waya nyuma ya kiti cha mzee, yeye anaongea habari za ng'ombe, mara paa! Mfuniko ukaruka hadi darini na tope likamshukia mzee kichwani, kwenye koti, mpaka kwenye chai.

Mama akapiga yowe. Atupele akaja mbio na maji, akaingia, akasimama ana kwa ana na baba mkwe wake. Mzee akageukia ukutani, tope linamchuruzika, akasema taratibu, "Mtoeni huyu binti."

Waliondoka bila kula. Baba ameenda Igogwe kuomba radhi mara nyingi tu, anapokelewa vizuri, anarudi hana jibu.

Nilipomwomba Atupele msamaha hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Nilidhani unaungua moto, Gwakisa. Nilikuwa nakuja kukuzima wewe."

Ndoo ziko bandani siku hizi, kwenye joto la ng'ombe, wazi, na taa inawaka vizuri kuliko nilivyoota. Mama akisema toa, natoa. Atupele anapita pale kila asubuhi akienda kukamua, na hajawahi kuitazama ile taa.