Yowe Nililoliagiza Mwenyewe

Habari hii niliificha nyumbani mpaka mke wangu akaisikia sokoni, kwa hiyo sina tena cha kuficha, chekeni tu: mimi ndiye yule mpiga picha aliyekimbizwa na kijiji kizima kule Samuye, na ndiyo, nilikuwa nimebeba stendi ya kamera begani, na ndiyo, kiatu kimoja kilibaki kulekule.

Kazi yangu ni video za harusi na vipaimara hapa Geita, lakini safari hii nilipewa kazi ya heshima, filamu ya kijiji kinachojiinua baada ya kimbunga. Upepo ulikuwa umeng'oa mapaa, na chumba cha kujifungulia pale zahanati kilibaki kuta nne zinazotazama mbingu. Wahisani wangeiona filamu Jumamosi ndipo waamue kama watatoa bati. Halikuwa jambo la mchezo, maana mwenyeji wangu, Mama Kulwa, alikuwa na mkwe mwenye mimba ya miezi minane, na alinipeleka kunionyesha mahali atakapojifungulia: kitanda kimoja, juu yake turubai lenye tundu.

Nilirekodi siku nzima, na kila mtu alinieleza msiba wake kwa utulivu kama anasoma matangazo kanisani. Nikaona filamu hii haitamtoa mtu chozi. Ilipofika saa kumi jua likawa tamu kwa picha, nami nikapata wazo (Mungu anisamehe): Mama Kulwa aigize yowe alilopiga siku ile paa lake lilipoondoka.

"Mwano haupigwi bure, ng'wanawane," akasema, akiniita mwanawe. "Twende kwanza kwa mwenyekiti awatangazie watu."

Sasa kwa mwenyekiti ni mwendo wa nusu saa, na jua halimsubiri mtu. Halafu mimi ni Msukuma jamani, mwano naujua, ni yowe la hatari, anayelisikia anaacha alichoshika anakuja na silaha yake, na asiyekuja anaulizwa alikuwa wapi. Ila mimi ni Msukuma wa mjini, hayo niliyajua kwa masimulizi ya babu, nikadhani alizikwa nayo. Nikamwambia, "Kidogo tu mama, dakika moja."

Akapiga. Kuku akakatiza mbele ya kamera, nikasema turudie. Mara ya pili akacheka katikati. Mara ya tatu nikamwambia, "Kwa uchungu zaidi mama, mfikirie mkweo," na mara ya nne, nawaambieni, nywele zilinisimama, nikapiga makofi peke yangu kwa furaha.

Ndipo nikasikia filimbi, kisha yowe jingine ng'ambo ya mashamba, na jingine mbali zaidi. Wakaanza kutokea kwenye kila njia, wanaume wenye pinde, mikuki na marungu, mmoja amenyolewa ndevu upande mmoja tu na povu bado linamtiririka upande wa pili. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nikadhani Mama Kulwa kaniletea waigizaji! Mzee mmoja mwembamba mwenye upinde alipofika mbele yangu anahema, nikamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, naomba urudi pale kwenye mti uje tena kwa kukimbia, hukukaa vizuri kwenye picha."

Hakuitikia shikamoo yangu. (Baadaye niliambiwa ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji.) Akamgeukia Mama Kulwa: "Mwizi yuko wapi?"

Mama Kulwa akafungua kinywa aeleze, sauti hakuna. Mayowe manne yalikuwa yameimaliza yote. Akabaki kunionyesha mimi kwa kidole.

Ningesimama, yangeisha pale. Nikakimbia, na kwa kuwa kamera ni ya mkopo nikainyakua na stendi yake, yaani nilikuwa mwizi kamili na mzigo wake. Nilifika kwenye majaruba ya mpunga, tope likanimeza mpaka magotini, nikaanguka kifudifudi, mkono mmoja juu nimeinua kamera, huku napiga kelele, "Sijaiba! Mimi ni mtu wa harusi!"

Mwenyekiti ndiye aliyeniokoa. Alifika na baiskeli, akanitambua chini ya tope, akaeleza mimi ni nani na nimekuja kufanya nini, na watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Kamanda hakucheka.

"Mwano ukipigwa watu hawarudi mikono mitupu," akasema. "Umetuita, tumekuja. Tupe kazi."

Nikasema kitu pekee kilichonijia: zahanati. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, zilikuwa zimelala chini wiki nzima zikingoja watu wa kuziinua, na bati kuukuu zilizookotwa mashambani zilirundikwa ukutani. Wakaenda wote. Kamanda akaishika kamera yangu mpaka kazi iishe, akanipa adhabu ya kunyoosha misumari iliyopinda, nami nimevaa kitenge cha Mama Kulwa kwa sababu suruali ilikuwa tope tupu. Jua lilipozama chumba kilikuwa na paa, lenye viraka lakini paa, nami, mtengeneza filamu, sikuwa nimerekodi hata msumari mmoja.

Kwa hiyo Jumamosi wahisani walitazama nilichokuwa nacho: misiba iliyosimuliwa kwa utulivu, yowe mara nne, watu wenye silaha wakitokea kila njia, mzee akiambiwa arudi kwenye mti, na, kwa kuwa nilikimbia bila kuizima kamera, dakika tano za anga na majani na sauti yangu ikilia kwamba mimi ni mtu wa harusi. Nilitamani ardhi inimeze kuliko lile jaruba. Wakacheka, kisha mama mmoja akafuta macho akauliza, "Wote hao walikuja kwa sauti ya mtu mmoja?" Bati mpya zikaahidiwa palepale, na zikafika kweli.

Siku hizi nikiwa kazini, shangazi wa bibi harusi wakipiga vigelegele, kwanza natafuta mlango uko wapi. Na sijamwomba tena mtu yeyote arudie kilio chake kwa ajili ya kamera yangu, hata iwe msibani, hata jua liwe zuri namna gani.

Mama Kulwa alinipigia mwezi uliofuata, sauti imemrudi. Mkwe amejifungua salama chumbani mle, mvua ikinyesha juu ya bati na yeye mkavu. "Mtoto tumemwita Mwano," akasema. "Analia kutwa nzima, na hakuna anayekuja na upinde."