Pipa la Gesi Uani kwa Bibi

Mwalimu wetu wa fizikia alitupa kazi sisi wa kidato cha tatu: tubuni nyumba inayojitegemea, kwa ajili ya mitaa kama wetu hapa Ruangwa, ambako viwanja havijapimwa na ukipiga chafya chumbani kwako, jirani anakujibu "afya" chumbani kwake. Nyumba yenye maji yake, mboga zake na gesi yake ya kupikia. Kazi bora ingepelekwa Nachingwea kuonyeshwa. Wenzangu wakachora. Mimi nikaona kuchora ni uvivu, nikaamua kuijenga kabisa nyumbani kwa bibi, bila kumuuliza bibi.

Maji hayakunisumbua. Nilikunja bati kuukuu likawa mfereji, mvua ikinyesha ndoo inajaa. Mchicha nikaupanda kwenye viroba. Shida ikawa gesi. Mwalimu alisema unaziba pipa, ndani unaweka mavi ya ng'ombe na maji, gesi inatokea kwenye mpira uliochomekwa juu yake. Sasa mtaa wetu una kuku, paka na watu. Ng'ombe hakuna. Ila ulikuwa msimu wa korosho, na shambani kwa mjomba, Mbekenyera, mabibo yalikuwa yanaoza chini ya mikorosho. Nikaleta viroba viwili kwa bodaboda, nikayaponda, nikajaza pipa.

Najua unachotaka kusema. Kusini nzima inajua mabibo yakikaa yanakuwa uraka, na uraka ni pombe. Hata mimi nilijua. Ila niliamini yakishajua yako kwenye kazi ya sayansi, yatabadili tabia.

Siku ya tatu mpira ukaanza kupumua. Nikawasha kiberiti kwa heshima zote. Kikazimika. Cha pili kikazimika haraka zaidi. Nilikuwa nimebuni jiko la kuzimia moto.

Halafu ikaja harufu. Bibi yangu anafundisha watoto Kurani barazani kila alasiri. Mtaa mzima unamwita Bi Mwalimu, na kazi hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi akiwa anaimba. Siku hiyo watoto kumi walikuwa katikati ya sura, mara akatokea mzee jirani yetu, mnywaji asiyejificha, kikombe mkononi.

"Hodi hapa! Bi Mwalimu, mmefungua lini?"

Kesho yake walikuja watoto wanne. Keshokutwa yake hakuja hata mmoja. Bibi alikaa barazani na mkeka mtupu mpaka jua likashuka. Hakunipiga. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Bibi, nikaimwage?"

"Ukiimwaga kimyakimya, mke mwenza, watasema nimeficha ushahidi. Niitie wazazi."

Wakaja, wakakataa kukaa. Nikapanda kwenye stuli, nikaeleza maji, nikaeleza mchicha. Nilipofika kwenye gesi, mama mmoja akanikatiza.

"Mjukuu wetu, umeeleza vizuri. Ila harufu hiyo sisi tumekua nayo."

Wengine wakaguna. Bibi akasimama.

"Basi aje mtu anayeijua pombe kuliko sisi sote. Aseme yeye."

Macho yote yakamgeukia yule mzee, aliyekuwa ameegemea ukuta. Nadhani hajawahi kuitwa mbele za watu kwa jambo la heshima. Akafunga vifungo vya shati, akakohoa. Nikafungua pipa. Akachota, akanusa, akafumba macho, akapiga funda.

Akatema yote kwenye mchicha wangu.

"Jamani!" akasema, machozi yanamtoka. "Huyu mtoto hajachuja! Kaponda na majani, kaponda na mchanga, na humu kuna mjusi! Mimi nimekunywa kule Matambarale, nimekunywa kule Narung'ombe, sijaona mpika pombe wa kufanya ujinga huu. Hii haiuziki. Hata kwangu mimi haiuziki!"

"Unashuhudia?" bibi akauliza.

"Nashuhudia, Bi Mwalimu. Na pole sana kwa mjukuu."

Kikapasuka kicheko. Yule mama aliyenikatiza alicheka mpaka akashika ukuta, na udongo wa ukuta ukamporomokea mkononi. Nikaburuta pipa hadi chooni, nikamimina yote shimoni mbele yao, mjusi akitangulia. Mzee akageuka pembeni. Hakutaka kuona.

Kesho yake alasiri watoto wote kumi walikuwa mkekani. Bibi akawauliza walipoishia, wakamjibu wote kwa mpigo, naye akajifanya anatafuta miwani ili wasimwone usoni. Mimi nilikuwa uani nasugua pipa kwa majivu, kwa amri kwamba nisugue mpaka watakapomaliza kusoma. Na vile vitoto vikasikia amri hiyo. Sijawahi kusikia watu wanasoma polepole namna ile.